Kabla Hujauza Kiwanja Chako Uende Kanada

(Maneno niliyosema Lubumbashi mbele ya wahandisi, wazazi na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kuingia.)

Ba mama na ba papa, wazee mliokaa mbele, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimeisha: jambo yenu wote.

Walionialika waliniomba niongee juu ya maisha ya Kanada. Maisha ya Kanada mnayaona kila siku kwenye simu zenu, theluji na makoti, sina la kuongeza. Mimi nitaongea juu ya kazi. Inakuwaje mtu aliyeongoza kiwanda hapa Katanga, ana diploma, ana miaka 15 ya kazi, anafika kule anaishia kupanga makartoni usiku? Na mwaka wa tatu ukimpigia simu, bado yuko kwenye makartoni?

Jibu la haraka ni ubaguzi. Upo. Jina la Kikongo juu ya CV halisomwi kwa macho yaleyale, na atakayewaambia vingine hajatafuta kazi kule. Lakini ubaguzi siwezi kuwafundisha namna ya kuuondoa mkiwa bado mko Lubumbashi. Yapo mambo mengine yanayowezekana kabisa kufanywa hapahapa, na hayo ndiyo yaliyonileta.

Wengine wanasema ni uvivu, au kwamba diploma zetu ni karatasi tu. Kwa hao nina neno fupi. Mji huu unakumbuka mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, walipoondoka katika mpango ule wa kuacha kazi kwa hiari. Humu ndani wamo watoto wao. Baba aliyekuwa mkuu wa zamu akaenda kulima mahindi, fundi mitambo akafungua kimeza cha sukari na sabuni mbele ya nyumba. Je, ujuzi ulitoka vichwani mwao siku waliyopokea bahasha? Ulibaki. Kilichopotea ni mahali pa kuutumia. Mhandisi anayefika Montréal yuko katika hali hiyohiyo, isipokuwa yeye amejilipia tiketi.

Sasa tuangalie anapokwama. Kabla ya kukupa viza, serikali inakuhesabia alama: umri, diploma, miaka ya kazi, lugha. Québec, jimbo lenye Montréal, inachagua yenyewe wahamiaji wake wa kazi, tangu mapatano yake na serikali kuu ya Ottawa ya mwaka 1991. Ukichaguliwa, unasema moyoni: wamenitaka kwa sababu ya kazi yangu. Na si uongo. Ila aliyekuhesabia alama hana kiwanda, na mwenye kiwanda hajawahi kuziona alama zako. Katikati yao amekaa wa tatu, chama cha taaluma. Québec ina vyama 46 vya namna hiyo, vilivyowekwa na sheria. Chetu kinaitwa Ordre des ingénieurs du Québec, na kama hujaandikishwa humo huruhusiwi kujiita injenia, hata kwenye kikadi cha mfukoni. Mfaransa amefunguliwa njia fupi na mapatano ya Ufaransa na Québec ya mwaka 2008. Mwenye diploma ya Lubumbashi hayumo. Masomo yake yanapitiwa moja moja, halafu anaambiwa mitihani ya kufanya. Mitihani hiyo inalipiwa. Inasomewa pia, na anayesoma lazima awe na usiku wa kusomea.

Madaktari mlioko humu, kwenu ni pagumu zaidi, na si Kanada peke yake. Ufaransa, mwenye diploma ya nje ya Umoja wa Ulaya anapita kwanza kwenye mashindano yenye nafasi za kuhesabu kwa kila fani, halafu anafanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kuruhusiwa kikamilifu. Mtu anaweza kuwa amepasua watu miaka yote hapa hospitali ya Sendwe, kule akaanza tena kama msaidizi. Sitajifanya mjuzi wa njia yenu. Nitarudi kwenye kazi yangu mimi, shaba.

Nilipofika Montréal nilikwenda ofisi moja ya kutafutia watu kazi. Binti aliyenipokea alikuwa na adabu, rika la mtoto wangu wa kwanza. Kwenye CV nilikuwa nimeandika, kwa herufi nzito, mkuu wa huduma ya elektrolisisi. Akasoma, akaniuliza: "Ni umeme wa nyumba, madame, au wa viwandani?" Nikamweleza. Shaba inayeyushwa katika tindikali, inapitishwa mkondo wa umeme, inaganda juu ya bamba, bamba linabanduliwa, linafungwa, linauzwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kweli alinisikiliza. Kisha akauliza kama naweza kusimama saa nane mfululizo. Nikamjibu nimeshasimama zaidi ya hapo. Jumatatu nikaanza kwenye ghala la mboga zilizogandishwa.

Sina kisa na binti yule. Angejulia wapi? Mezani kwake wanapita wapishi, madereva, wasafishaji, wahasibu, na kila mmoja ana dakika zake kumi. Nchi nzima ya Kanada haina deni la kujua Katanga inafanya nini na tindikali. Lakini sikilizeni niliyokuja kuyajua baadaye. Kisiwa kilekile cha Montréal, upande wa mashariki, mahali panapoitwa Montréal-Est, pana kiwanda cha kusafishia shaba kwa umeme, CCR. Anodi nyingi zinazosafishwa pale, yaani mabamba ya shaba ambayo bado si safi, zinatoka kiwanda cha kuyeyushia cha Horne, kilichoko Rouyn-Noranda, mamia ya kilomita kaskazini-magharibi, nchi ya migodi. Viwanda vyote viwili ni vya Glencore, kampuni ileile yenye mgodi wa KCC kule Kolwezi. Mimi nilikuwa napanga mbaazi na karoti kisiwa kimoja na kathodi, mabamba yale ya shaba safi.

Ndugu walionipokea hawakuniambia, kwa sababu nao hawakujua. Walijua basi namba gani linakwenda ghalani, kanisa gani lina kwaya ya Kiswahili, duka gani lina unga wa mahindi na sombe. Mungu awabariki, walinilaza na kunilisha. Hata hivyo ndilo neno langu kuu leo, na nitalisema bila kuzunguka: Mkongo mwenye ujuzi anakwenda kuishi penye ndugu zake, kisha anatafuta kazi penye ndugu zake, na ndugu wanampa kazi wanayoijua wao. Nenda kwa watu wanaoijua kazi yako. Kama ni shaba, fungua ramani utafute shaba. Rouyn-Noranda ipo. Sudbury, Ontario, ipo, mji wa nikeli na shaba, na Kifaransa kinaongewa mitaani. Kampuni ya Ivanhoe yenye hisa kwenye migodi yetu ya Kamoa-Kakula na Kipushi ni ya Vancouver. Haya yote unaweza kuyajua ukiwa umekaa Kamalondo na simu mkononi, kabla hujampa mtu hata dola moja.

Mtaniambia: mama, kule Rouyn-Noranda hakuna Wakongo. Watakuwa wachache, ndiyo. Na babu zetu? Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, ilianza mwaka 1906, mji huu ukazaliwa mwaka 1910, na watu waliochimba hapa waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi. Kiswahili hiki tunachoongea humu ukumbini kilikua kwa sababu yao. Walifuata shaba, hawakumfuata shangazi.

Tena si lazima kuvuka bahari. Ukipita mpaka wa Kasumbalesa, uko Zambia, katika ukanda uleule wa shaba: Chingola, Kitwe, Ndola. Diploma yako itatathminiwa na Zambia Qualifications Authority, utajiandikisha Engineering Institution of Zambia, utaomba kibali cha kazi. Nako kuna foleni, lakini yule anayekuhoji anajua malakiti, jiwe lile la kijani lenye shaba, ni kitu gani. Sielewi kwa nini kijana wa hapa anaona aibu kusema anakwenda Kitwe, na haoni aibu kusema anakwenda kupanga makartoni Bulaya.

Basi umefika, umempata mtu anayejua shaba. Utamwonyesha nini? CV zetu zinaorodhesha vyeo. Mkuu wa sehemu, mkuu wa huduma, naibu mkurugenzi. Tunaongeza picha, tarehe ya kuzaliwa, ameoa, baba wa watoto sita. Kule picha, umri na ndoa havitakiwi kabisa, na cheo hakiwaelezi kitu, maana mkuu wa huduma anaweza kuwa na watu watatu au mia tatu. Andika kazi. Ulisimamia seli ngapi, matangi yale ya tindikali? Ulipitisha ampea ngapi kwa mita ya mraba, 250, 300? Kathodi zako zilitoka na usafi wa asilimia 99.99 au zilirudishwa? Umeme uliolipiwa, asilimia ngapi iligeuka shaba kweli? Snel ikikata umeme usiku, ulifanya nini na seli zilizojaa? Hilo la mwisho msilicheke, liandikeni. Mhandisi wa kule ambaye umeme wake haukatiki mwaka mzima hajui namna ya kuokoa kathodi gizani. Wewe unajua.

Nitawapa mfano wa nilivyoulizwa siku nilipokutana na mtu wa kazi yetu. Hakuuliza cheo. Aliuliza: "Bamba mbili zikigusana ndani ya seli, unajuaje?" Nikamwambia fimbo inayobeba bamba inapata moto, kuna kifaa cha kupimia, lakini fundi wetu wa zamani anapitisha kiganja juu ya fimbo bila kugusa, anakwambia ni ya ngapi. Akacheka, akasema na kwao yuko mmoja wa hivyo. Kazi zenyewe si moja kabisa. Sisi tunaitoa shaba kwenye maji ya tindikali, wao wanasafisha anodi. Lakini mvuke wa tindikali unatoboa shati la pamba kwao kama unavyolitoboa Likasi, na mtu akiona mikono yako ya shati anajua umetoka wapi.

Kazi niliyopewa ilikuwa ya chini: kuchukua sampuli usiku na kuzipeleka maabara. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa ghala, kwa sababu ghalani walikuwa wameshaniahidi kuwa msimamizi. Watu wa kwetu waliniona nimerukwa na akili. Nawaambia wahandisi, na hapa sibembelezi: afadhali kuosha vyupa vya maabara ya shaba kuliko kuwa bosi wa karoti. Ukiwa chini ndani ya kazi yako, atakuja siku moja mtu aliyeshindwa kueleza kwa nini kathodi zinatoka na manundu, na wewe utakuwa umesimama pale na kichupa mkononi. Québec, kazi ya kihandisi unaweza kuifanya chini ya injenia aliyeandikishwa, yeye anatia saini. Miezi hiyo inahesabika. Miaka ya ghalani haihesabiki popote, na ikizidi inaanza kukushuhudia vibaya: mwajiri anauliza mtu huyu ameacha shaba tangu lini.

Uzoefu wa pale, ndiyo wimbo utakaousikia. Kwanza upate kazi ndipo upate uzoefu, kwanza uwe na uzoefu ndipo upate kazi. Ontario wameanza kuukata. Chama cha wahandisi cha jimbo hilo kiliondoa sharti la uzoefu wa Kanada mwaka 2023, na tangu tarehe 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kulidai katika tangazo la kazi. Sheria imebadilika. Tabia zinakuja nyuma kwa miguu, lakini kati ya majimbo mawili, jua tofauti hiyo kabla ya kuchagua pa kushukia.

Karatasi. Hapa ndipo watu wanapoteza mwaka mzima bila sababu.

Diploma yangu imeandikwa Jamhuri ya Zaïre. Nilipojaza fomu kwenye kompyuta, orodha ya nchi ikapita kutoka Yemen kwenda Zambia na Zimbabwe. Zaïre haimo. Nchi ilibadili jina Mei 1997, na wengi humu mna diploma za kabla ya hapo. Wengine mna za UNAZA, chuo kilichovunjwa mwaka 1981. Pata barua ya chuo inayoeleza hivyo, iweke pamoja na diploma. Halafu majina. Sisi tuna jina, postnomu (jina la pili la kienyeji) na prenomu (jina la ubatizo). Fomu zao zina vyumba viwili. Waliozaliwa baada ya mwaka 1972, Mobutu alipoyafuta majina ya ubatizo, wengi wana diploma bila prenomu na pasipoti yenye prenomu. Kwa karani wa mbali hao ni watu wawili. Sawazisha majina hapa, kwa viapo na mihuri, si kule.

Releve za pointi, yaani karatasi za matokeo, za kila mwaka, pamoja na saa za kila somo. Mashirika ya kutathmini diploma mara nyingi hayataki uzilete wewe. Yanataka chuo chenyewe kizitume, bahasha ikiwa imefungwa. Ninyi mnaijua sekretarieti ya fakulte. Acha nyuma mtu mwenye miguu na subira, mdogo wako au rafiki, atakayekwenda kuuliza kila Jumanne. Waliosoma lisansi ya zamani, kabla ya mfumo mpya wa masomo wa LMD, andikeni wazi: miaka 5, yaani 3 na 2. Msomaji anayeifahamu lisansi ya Ufaransa ya miaka 3 atakukata miaka 2 bila nia mbaya. Na cheti cha kazi chenye mistari miwili, kwamba fulani alikuwa mtumishi wetu tangu lini hadi lini, hakisaidii. Kaa na mkuu wako wa zamani kabla hajastaafu, muandike kazi ulizofanya, atie saini, aweke namba ya simu inayolia.

Kiingereza nitakipita haraka, kwa kuwa mnajua. Hata Québec matangazo mengi yanakiomba. Watoto wenu mnawapeleka Zambia wakakisome. Na ninyi?

Nyumba zenye diploma mbili. Baba injenia, mama mkemia. Wanafika, mmoja lazima alete pesa, mwingine asome mitihani. Nimeona mara nyingi, na sijaona kinyume chake: ya mama ndiyo inayowekwa kabatini. Inakaa mpaka watoto wakue, na ikitolewa imezeeka. Zungumzeni hapa, mezani kwenu, mkiwa mmeshiba, nani ataanza na kwa muda gani.

Sasa ba mama na ba papa, naongea nanyi. Mtoto ameondoka, kiwanja kimeuzwa, familia yote imemsindikiza uwanja wa ndege wa Luano. Wiki ya tatu simu inalia. Matanga. Masomo ya mdogo wake. Paa. Yaya, mkubwa wake, amelazwa. Kila ombi ni la kweli, hakuna anayedanganya. Lakini niwaambie pesa hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye mtihani wa chama cha wahandisi, ule unaolipiwa. Inatoka kwenye usiku ambao angesoma, kwa sababu ameongeza zamu. Mjomba amezikwa kwa heshima, jeneza la vioo, na injenia wetu amerudi ghalani kwa mwaka mwingine. Mkimuuliza anafanya kazi gani anawajibu yuko kwenye lojistiki. Mnafurahi. Anajua mnafurahi, kwa hiyo hawezi tena kuwaambia.

Mpeni miezi kumi na minane. Msimwombe kitu, na mtangazie ukoo mzima hivyo kabla hajaondoka, baba akiwa amesimama, ili asibaki yeye wa kuonekana mchoyo. Akikopeshwa pesa ya mtihani na ukoo, ni bora kuliko yeye kuukopesha ukoo paa. Najua ninachokiomba ni kizito. Najua pia wapo humu wanaoishi kwa simu hiyo, chakula na dawa, na miezi kumi na minane kwao ni mingi. Kwa hao sina jibu rahisi, nasema tu kwamba hesabu hiyo ifanywe mezani, kwa namba, kabla kiwanja hakijauzwa. Na kama haitoshi, basi labda mwaka huu ni mwaka wa Kitwe.

Kesho kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa hapahapa na meza. Leteni CV na releve, tutazisoma moja moja. Madaktari na wanasheria msije kwangu, mtapoteza asubuhi yenu.

Tuingie kwenye maswali. Tuanze na mama yule wa kitenge cha bluu. Ameinua mkono tangu nilipogusa habari ya pesa, na naona hakubaliani nami hata kidogo.